Bogoria: Chemchemi Zilizopotea Mara Mbili

Ukimuuliza Mkenya aliyesoma shule za Bonde la Ufa katika miaka ya tisini kuhusu Ziwa Bogoria, hataanza na flamingo. Ataanza na yai. Atakueleza jinsi walimu walivyowaambia waje na mayai mabichi au mahindi, jinsi yalivyotiwa mfukoni, mfuko ukafungwa kwenye kijiti na kuteremshwa ndani ya maji yanayotokota kando ya ziwa, na jinsi muda mfupi baadaye kila mtu alivyokula akiwa wima, chumvi kwenye kipande cha karatasi, mvuke ukimpiga usoni. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Nilisikia kwamba mahali pale hapafikiki tena, nikataka kujionea, na sasa nawaandikia waliowahi kufika na hawajui kilichotokea, pamoja na wazazi ambao watoto wao hawatalionja yai lile.

Kulikuwa na sababu nyingine. Shuleni hatukuambiwa kwamba kabla ziwa halijatufungia njia sisi wageni, kuna watu waliokwisha kufungiwa njia hiyo hiyo kwa lango na askari, na kwamba chemchemi zilikuwa zao. Nilitaka kuwasikiliza.

MOGOTIO

Barabara ya kutoka Nakuru inaiacha baridi nyuma upesi. Ukifika Mogotio huna haja ya koti tena. Mashamba ya mkonge yamenyooka safu kwa safu, bango la ikweta limesimama kando ya lami, na kutoka hapo nchi inateremka ngazi kwa ngazi kuelekea sakafu ya bonde. Nyasi zinaadimika, migunga inazidi, na vichuguu vinainuka virefu kuliko mtu, vimetobolewa juu ili mchwa wapate hewa.

Baringo ni nchi ya asali. Mizinga ya magogo inaning'inia kwenye migunga hata karibu na barabara, na akina mama wameipanga asali yao mezani katika chupa za kila aina. Nilisimama kwa mmoja wao.

"Hii ni ya maua gani, mama?"

"Ya mgunga, mwanangu. Ile nyeusi imetoka milimani, ni kali kidogo. Onja kwanza."

Nilionja zote mbili nikanunua ile nyeusi. Aliponiuliza ninakokwenda nikamwambia naenda maji moto, Bogoria. Akatikisa kichwa. "Maji moto yaliingia ziwani. Mtoto wangu wa mwisho hajayaona. Wakubwa wake wote wameyaona."

Joto la nchi hii halitoki juani peke yake. Hapa ukoko wa dunia unavutwa mashariki na magharibi, umekuwa mwembamba, umejaa nyufa. Mvua inayonyesha vilimani inapenya nyufa hizo, inashuka hadi kwenye miamba yenye moto, kisha inasukumwa juu ikiwa imebeba magadi na silika. Mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory alipita huku mwaka 1893, na ndiye aliyelipa bonde lote jina ambalo wanasayansi wanalitumia mpaka leo. Wakati huo Wazungu waliliita ziwa lenyewe Hannington, kwa kumbukumbu ya Askofu James Hannington aliyepita nchi hizi mwaka 1885 akielekea Buganda, akauawa Busoga kabla hajafika. Jina hilo lilidumu kwenye ramani mpaka miaka ya sabini. Wenyeji hawakulihitaji.

MARIGAT

Marigat ni mji wa vumbi na matikiti maji. Upande mmoja kuna mashamba ya umwagiliaji ya Perkerra, yaliyoanzishwa mwaka 1954, enzi ya Hali ya Hatari, kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau. Mifereji waliyoichimba bado inatiririsha maji ya mto hadi kwenye mahindi ya mbegu na vitunguu. Jioni nilikula tilapia wa Ziwa Baringo, amekaangwa mkavu, na ugali na kachumbari yenye pilipili nyingi. Ziwa Baringo liko kaskazini, mwendo mfupi kwa gari, na maji yake ni baridi, hayana chumvi, yana samaki na mamba na viboko. Bogoria halina samaki hata mmoja. Maji yake ni ya magadi, makali kiasi cha kuchoma macho, na viumbe wanaostawi humo ni wale walioumbwa kwa ajili ya ukali huo.

Kila uendapo Marigat utauona mti wa mathenge. Uliletwa miaka ya themanini ili kuzuia jangwa, ukatapakaa mpaka ukaziba malisho na njia, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Wailchamus wa hapa walikwenda kuishtaki serikali, wakampeleka mahakamani mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Nalitaja jambo hili kwa sababu watu wa Baringo mara nyingi husimuliwa kama watu wa mbali wasiojua haki zao. Si kweli. Ni watu waliozifahamu njia za mahakama kwa kulazimika, na Waendorois wa Bogoria walikwenda mbali kuliko wote.

LOBOI

Asubuhi tulishika njia ya Loboi, mimi na kijana wa kuniongoza. Kinamasi kilikuwa kijani upande wa kushoto, mafunjo yamesimama kwa wingi, na ng'ombe wamezama hadi tumboni wakila. Halafu lami ya hifadhi, ile niliyoipita utotoni ndani ya basi la shule, ikaanza kushuka taratibu na kuingia majini. Haikuwekewa kizuizi, wala haikuhitaji. Mstari mweupe wa katikati ulionekana hatua chache chini ya maji kisha ukapotea. Lango la zamani na ofisi zake vilikuwa vimemezwa. Migunga iliyokufa ilisimama ndani ya ziwa, mikavu, imepakwa chumvi mpaka pale maji yalipofika juu kabisa.

Maji yalianza kupanda mwaka 2010 hivi. Yakapanda, yakatulia kidogo, na baada ya mvua kubwa za mwaka 2019 na 2020 yakavuka kila alama ambayo wazee wanaikumbuka. Ziwa lililokuwa na kilomita za mraba 34 hivi likapita 40. Halikuwa peke yake: Baringo, Nakuru, Naivasha, Turkana, yote yalivimba. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilihesabu kaya zaidi ya 75,000 zilizoathirika kando ya maziwa hayo, na ikalaumu zaidi mvua zilizoongezeka katika nyanda za juu na udongo unaosombwa kutoka milima iliyokatwa miti. Shule zilifungwa, zahanati zikazama, makaburi yakaingia chini ya maji. Kwa hiyo mtu anapolilia chemchemi, inambidi akumbuke kwamba jirani yake amelilia nyumba.

Mzee mmoja alikuwa ameketi chini ya mgunga uliobaki hai, fimbo magotini. Kijana aliyeniongoza alimsalimu "Chamgei," naye akaitika kwa sauti ya chini, kisha akageuka kunitazama.

"Umekuja kuona maji moto?"

"Ndiyo, mzee. Na nimekuja kuuliza habari zake."

"Keti basi."

Alizaliwa ng'ambo ya pale tulipokaa, mahali ambapo sasa ni katikati ya hifadhi. Mwaka 1973 serikali ilitangaza kwamba nchi ya kandokando ya ziwa ni hifadhi ya wanyama, na watu wakaambiwa watoke. Waliahidiwa mashamba yenye rutuba, maji, sehemu ya mapato ya watalii na ajira. Kama familia 400 ziliguswa na amri ile. Mwaka 1986, familia 170 kati ya hizo zililipwa shilingi 3,150 kila moja.

"Mliipokea hiyo pesa mkafanya nini?"

"Pesa ya mbuzi wachache? Tulinunua mbuzi wachache." Alinyamaza kwa muda. "Ng'ombe wetu walikuwa wamezoea chumvi ya hapa. Ziwa hili na chemchemi hizi, ng'ombe hulamba mara moja kwa muda na ngozi inang'aa. Kule tuliposukumwa, juu kwenye mawe, hakuna chumvi, hakuna nyasi. Walikufa wengi."

Nilimuuliza anaonaje sasa, ziwa lilipomeza barabara na wageni nao wakabaki nje. Nilitarajia uchungu. Alinijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hili peke yake kwa muda mrefu.

"Maji yamefunika. Hayajachukua. Siku yakishuka, zitaonekana. Hili ziwa limepanda hata wakati wa babu yangu, likashuka. Lango ndilo ambalo sijui litashuka lini."

LOBURU

Kwenda Loburu, kwenye chemchemi zenyewe, kwa miguu ni kazi. Njia ya chini imekwisha, hivyo tulipita mteremkoni, juu ya mawe meusi ya volkano yanayotikisika chini ya nyayo, katikati ya vichaka vyenye miiba. Digidigi waliruka kutoka kivulini. Mara moja, juu kidogo, tandala dume alisimama na kututazama, pembe zake zimejisokota na kuinuka juu ya vichaka, kisha akazama kwenye miti bila kuharakisha. Ng'ambo ya ziwa ukuta wa Siracho ulikuwa umesimama wima, bluu asubuhi, kahawia kadiri jua lilivyopanda.

Nataka kueleza kilichokuwepo hapa, kwa sababu picha za vitabu hazikukitendea haki.

Kulikuwa na chemchemi 200 hivi kandokando ya Bogoria, na sehemu iliyozikusanya kwa wingi zaidi ilikuwa hapa na Chemurkeu, ufuoni mwa magharibi. Nyingine zilichuruzika tu kwenye vijito vya maji ya moto vilivyopambwa rangi ya chungwa na kijani na vijidudu vinavyopenda joto. Nyingine zilitokota kwenye mabirika ya mawe meupe, mfululizo, usiku na mchana. Na nyingine zilikuwa zikiruka: zinanyamaza, zinavuta pumzi, halafu zinarusha maji na mvuke hewani, zile kubwa hadi mita 5. Angalau 18 za namna hiyo zimewahi kuandikwa Bogoria, na hakuna mahali pengine Afrika penye nyingi kiasi hicho. Kwa kuwa ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye 96 au 97, na chemchemi nyingi za hapa zilitoka ardhini zikiwa tayari zimefikia joto hilo. Kila mwaka alikuwepo mtu aliyesogea sana akaungua. Tuliambiwa tusikanyage ukoko mweupe kwa sababu chini yake ni tupu, na tuliogopa kweli.

Flamingo walikuja hapa kwa sababu yao wenyewe. Chakula chao, mwani wa kijani unaoitwa spirulina, wanakipata ndani ya ziwa lenye magadi, lakini magadi hayo hayanyweki. Maji ya chemchemi yana chumvi kidogo kuliko ziwa. Kwa hiyo walijipanga midomoni mwa vijito, pale ambapo moto ulikwisha kupungua, wakanywa na kuosha manyoya. Kulikuwa na miaka ambayo zaidi ya milioni moja walikuwa katika ziwa hili, na ufuo wote ukawa wa waridi, na sauti yao isiyokatika ilikulazimu kupaza yako. Mvua zilipolijaza ziwa maji matamu, mwani ulipungua, na ndege wakatawanyika kutafuta maziwa mengine. Niliona makundi machache upande wa kusini. Kwa aliyewahi kuona mengi, machache hayo yanauma.

Tulifika saa sita. Kijana alisimama, akanyoosha mkono kuelekea ziwani. "Pale ndipo mlipochemshia mayai."

Hapakuwa na ufuo. Palikuwa na maji ya kahawia yanayofika hadi kwenye mawe tuliyosimama, na mbele yetu, hatua kama thelathini ndani ya ziwa, uso wa maji ulikuwa ukifoka na kutumbuka taratibu kama uji ulioachwa jikoni. Mara mvuke mwembamba ulijitenga na kuondoka na upepo. Chini ya hapo kuna mabirika yale meupe. Moto haujazimika. Lakini uzito wa ziwa umeikalia midomo ya chemchemi, na maji baridi yanaingia ndani yake, na chemchemi inayoruka haiwezi kuruka ikiwa imebebeshwa mzigo wa namna hiyo. Karibu na ukingo, kwenye mwinuko, zilibaki chache zilizo hai, ndogo, zikitoa sauti ya kukwaruza kooni. Nilichuchumaa kando ya mojawapo kwa muda mrefu, kwa mbali kidogo, kama tulivyofundishwa.

Kuna jambo lililonijia pale na sikuweza kuliondoa. Sisi wageni tumepoteza njia, lakini kuna sehemu ya Bogoria iliyokwisha kusafiri mbali sana bila kuhitaji barabara. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua vijidudu kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria likiwamo. Vimeng'enya vilivyopatikana kwa vijidudu hivyo viliishia viwandani, vikatumika kuipausha jinzi ili ionekane imevaliwa na katika sabuni za kufulia. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilianza kudai sehemu ya faida. Watu wengi duniani wamevaa suruali zilizopitia nguvu ya maji kama haya. Mzee niliyemwacha Loboi alilipwa shilingi zile nilizozitaja.

EMSOS

Upande wa kusini nchi inabadilika ghafla. Kuna mikuyu mikubwa, kuna kijito cha maji baridi kinachoteremka kutoka milimani, na kivuli ambacho baada ya mawe ya Loburu nilikishukuru kwa sauti. Chemchemi za upande huu, Koibobei na Losaramat, nazo zimepigwa na ziwa, ingawa bado kuna mahali mvuke unatoka kwenye nyufa za mawe na udongo una joto mkononi.

Nililala kwa familia moja juu ya Emsos. Bibi wa nyumba, ambaye kila mtu alimwita Kogo nami nikafanya hivyo hivyo, alinikaribisha kwa maziwa ya mursik kutoka kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti maalumu, chachu, baridi, yenye madoa ya kijivu. Chakula kilikuwa ugali wa wimbi, mweusi, unaoshikamana na vidole, na mboga za kienyeji zilizopikwa kwa maziwa. Tulikula nje. Usiku wa Bogoria hauna upepo mpaka baadaye sana.

"Kogo, zamani mlizitumia chemchemi kwa nini?"

Alicheka kidogo kwa swali lenyewe. "Kwa nini? Kwa kila kitu. Mtoto mwenye upele aliogeshwa pale zilipopoa. Aliyeumwa mifupa alikaa kwenye mvuke. Mbuzi alinyweshwa kidogo, kidogo tu. Udongo mweupe tulijipaka vijana wakitahiriwa. Na tulikwenda kuomba."

Kwa Waendorois, roho za waliotangulia ziko ziwani, popote mtu alipozikwa. Wanasimulia kwamba zamani hapakuwa na ziwa, palikuwa na watu, na watu hao walimkosea Mungu. Usiku mmoja ardhi ikadidimia na maji yakajaa. Waendorois wa leo ni uzao wa familia zilizonusurika. Msimu ukifika, maji yanageuka mekundu na chemchemi zinatoa harufu kali, na huo ndio wakati wa kufanya matambiko ya kuwatuliza waliozama. Nilimuuliza Kogo kama ziwa linapopanda watu wanasema waliozama wamekasirika. Alilifikiria swali.

"Wengine wanasema hivyo. Mimi naona mvua ilikuwa nyingi. Lakini kuomba tunaomba, haidhuru sababu."

Akaniambia kuhusu miaka ya mwanzo baada ya kuondolewa, walipolazimika kuomba ruhusa ili waingie kufanya ibada mahali walipozaliwa, na mifugo ikiingia mtu alikamatwa. Alisema hilo kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza mboga. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea kula.

MOCHONGOI

Tulipanda kwenda Mochongoi mapema, kabla jua halijawa kali, kwa njia ya ng'ombe inayokata ukuta wa mashariki. Huko juu hewa ni nyingine kabisa. Kuna mahindi, kuna viazi, na mabaki ya msitu ambao Waendorois wanauhesabu kuwa mahali kabila lao lilipoanzia. Kutoka ukingoni ziwa lote linaonekana: refu, jembamba, limepinda kidogo katikati, na mpaka mpya wa maji umechorwa na miti iliyokufa.

Ni kutoka milima hii ndipo mashauri yao yalipoanzia. Waendorois, watu wapatao 60,000, walifungua kesi Mahakama Kuu ya Nakuru mwaka 1998, ikatupwa mwaka 2002. Mwaka uliofuata wakaenda kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, wakiwakilishwa na Baraza la Ustawi wa Waendorois na mashirika mawili ya haki. Februari 2010 uamuzi ukatangazwa, na ulikuwa wa kwanza wa aina yake Afrika: Tume ilisema Kenya ilivunja haki yao ya kuabudu, ya mali, ya utamaduni, ya utajiri wa asili wa nchi yao na ya maendeleo. Ikapendekeza warudishiwe ardhi, waingie bila kizuizi ziwani na kandokando yake kwa ibada na malisho, walipwe fidia, na wapewe mrabaha kutokana na shughuli za kiuchumi za pale. Waziri wa Ardhi wa wakati huo, James Orengo, alihudhuria sherehe ziwani na kuahidi utekelezaji. Mwaka 2014 kikosi kazi kiliundwa. Ardhi haijarudishwa kwa hati. Katikati ya hayo, mwaka 2011, Bogoria liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Nakuru na Elementaita, na Tume ile ile ikalazimika kutoa azimio la kueleza wasiwasi wake kwamba Waendorois hawakuridhia kwanza.

Nilisimama ukingoni na kijana wangu mwongozaji, nikamwambia ninachoamini, na nakiandika hapa bila kukipunguza. Ziwa litashuka, kama mzee alivyosema. Siku likishuka, kutakuwa na haraka ya kujenga: lango jipya, barabara mpya, pengine hoteli karibu zaidi na mvuke, na bei mpya ya kiingilio. Tutafurahi sote tuliokula mayai pale. Lakini ikiwa barabara hiyo itachorwa kabla ya hati ya Waendorois kuandikwa, basi tutakuwa tumerudishiwa matembezi yetu kwa mara ya pili juu ya hasara yao. Afadhali ningoje. Afadhali watoto wangu wafike wakiwa wakubwa, waingie kwa tiketi iliyotiwa mhuri na wenyeji.

Aliniuliza kama kweli nitaandika hivyo. Nikamwambia nitaandika. Basi akatoa simu yake akanionyesha kitu ambacho hakuwa amekitaja njia nzima: orodha. Yeye na vijana wenzake wanakusanya majina ya chemchemi zote, kila moja na mahali pake, pamoja na kilichofanyika pale, ili maji yatakaposhuka pasiwe na mtu wa kuja kuzibatiza upya kwa namba. Loburu imo, Chemurkeu imo, Koibobei na Losaramat zimo, na nyingine nyingi ndogo ambazo sikuwahi kuzisikia. Nafasi kadhaa zilikuwa bado tupu. Kwa kuwa Mochongoi mtandao unashika vizuri, alimpigia mama yake pale pale, akaweka simu kwenye sauti kubwa, nami nikashika kalamu. Mama alianza kwa kutukemea kwamba tumesahau kunywa chai kabla ya kupanda mlima. Halafu akataja majina matatu mfululizo, akarekebisha la pili, akasema la nne analijua shangazi yake wa Sandai na kwamba tumpigie jioni, kwa sababu saa hizi yuko malishoni.